Faili Linapotoka Masijala: Maswali Kuhusu Miji ya Marekani na Madeni ya Rangi

Januari 2022, mjini Evanston, kaskazini kidogo ya Chicago, mipira midogo yenye namba ilichezeshwa kama ya bahati nasibu. Zawadi haikuwa gari wala simu. Zaidi ya wazee mia moja walikuwa kwenye orodha, na 16 ambao namba zao zilitoka kwanza walipata haki ya dola 25,000 kila mmoja, za kununua nyumba, kuikarabati au kupunguza mkopo wake. Mlipaji ni manispaa. Sababu iliyoandikwa katika azimio ni kwamba manispaa hiyohiyo iliwabagua weusi katika makazi kati ya 1919 na 1969.

Habari ile ilipotufikia sisi ilikuwa imeshanenepa njiani: "Marekani yaanza kuwalipa weusi fidia ya utumwa." Si Marekani, na si ya utumwa. Maswali niliyoulizwa tangu siku hiyo, barazani na kwenye makundi ya WhatsApp, ni mengi kuliko nafasi niliyopewa. Nimechagua yale yanayorudi kila mara.

Kwa nini manispaa? Ubaguzi si ulikuwa wa serikali kuu?

Serikali kuu ilikuwamo, na tutaifikia. Lakini anayeamua kwamba kiwanja hiki ni cha makazi na kile ni cha gereji ni diwani na maofisa wake. Leseni ya mgahawa hutoka kwao, na bomba la maji hupita wanakotaka wao. Mwaka 1910 Baltimore ilipitisha sheria ndogo iliyotaja rangi bila kuona haya: mtaa wenye weupe wengi, mweusi asihamie, wenye weusi wengi, mweupe asihamie. Miji mingine ikaiga, mpaka mwaka 1917 Mahakama ya Juu ilipoibatilisha sheria ya namna hiyo iliyotungwa na mji wa Louisville.

Nia haikufa siku ile. Kilichobadilika ni lugha: kanuni ziliacha kutaja watu zikaanza kutaja majengo. Mtu aliyekulia Dar es Salaam hahitaji mkalimani hapa. Chini ya Wajerumani, kisha Waingereza, mji uligawanywa kanda tatu, na kanuni zilizungumzia aina ya nyumba, ya Kizungu huku na ya kienyeji kule, kana kwamba suala ni matofali na makuti tu. Hakuna aliyedanganyika. Wakazi walizipa kanda hizo majina ya ukweli, Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi kuitenga Kariakoo na wengine. Leo watu wanapiga picha za harusi pale.

Evanston walifanya nini hasa?

Familia nyingi nyeusi zilifika huko kutoka majimbo ya Kusini, hasa South Carolina, kufanya kazi katika nyumba za matajiri waliojenga kando ya Ziwa Michigan. Mwanzoni waliishi sehemu mbalimbali za mji. Mwaka 1921 mji ukapitisha mpango wa matumizi ya ardhi, na baadhi ya maeneo walimokaa weusi yakaandikwa kuwa ya biashara. Neno "mweusi" halimo. Hata hivyo matokeo yalikuwa watu kusukumwa kwenda magharibi, katika kipande kilichobanwa kati ya mfereji na reli, ambacho leo ni sehemu ya kata ya 5. Zipo nyumba zilizohamishwa nzimanzima, kuta na paa, kupelekwa huko.

Huduma nazo zilikuwa na rangi. Mwaka 1914 daktari Isabella Garnett na mumewe, daktari Arthur Butler, waligeuza nyumba yao kuwa hospitali kwa sababu mgonjwa mweusi hakuwa na pa kulazwa mjini. Chuo kikuu cha Northwestern, fahari ya mji ule, kilipokea wanafunzi weusi darasani huku kikiwafungia mabweni.

Kisha ikaja ramani. Shirika la serikali kuu la mikopo ya nyumba, lililoundwa 1933 wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, lilichora ramani za miji zaidi ya mia mbili na kuipa mitaa madaraja kwa rangi: kijani ndiyo bora, halafu buluu, njano, na mwisho nyekundu, mahali pa hatari kwa mkopeshaji. Weusi kuishi mahali kulihesabiwa kuwa sehemu ya hatari hiyo. Mtaa wa weusi wa Evanston ulipakwa nyekundu. Sasa piga hesabu ya familia moja: baba hapati mkopo wa kawaida, ananunua kwa masharti ya kumkamua au anapanga maisha yake yote, mtoto hana cha kurithi, mjukuu anaanza pale babu alipoanzia. Kwa Mmarekani wa kawaida nyumba ndiyo shamba, ndiyo ng'ombe, ndiyo akiba yake yote.

Wanahistoria wanaingilia wapi? Hili si la wanasheria?

Hapa ndipo habari nyingi ziliporuka, na kwangu mimi ndiyo shina la jambo zima.

Mwaka 1983 baraza la jiji la Richmond, Virginia, liliamua kwamba makandarasi wanaopata zabuni za jiji watoe angalau asilimia 30 ya thamani ya kazi kwa kampuni za watu wa jamii za wachache. Karibu nusu ya wakazi walikuwa weusi, na kampuni za jamii hizo zilikuwa zikiambulia chini ya asilimia moja ya mikataba mikuu ya ujenzi ya jiji. Ungedhani takwimu hiyo inatosha. Mwaka 1989, katika kesi inayojulikana kwa jina la Croson, Mahakama ya Juu ilisema haitoshi. Jiji likitaka kutumia rangi kama kigezo, lilete ushahidi mzito wa ubaguzi mahususi, uliofanywa na jiji lenyewe au ambao jiji lilishiriki. Tena mahakama ikawacheka kidogo: orodha ya Richmond ya waliostahili ilijumuisha hata Waaleuti na Waeskimo, watu wa kaskazini ya mbali, na hakukuwa na ushahidi kwamba hata mmoja wao aliwahi kukanyaga Richmond.

Tangu hapo faili lenye vumbi likapata cheo kipya. Muhtasari wa kikao cha madiwani wa mwaka 1921, ambao hakuna aliyeusoma kwa miaka mia, ukawa kielelezo cha mahakamani. Hisia za diwani, hata zikiwa za kweli, hazina thamani hiyo, wala hotuba ya mwezi wa historia ya weusi. Unahitaji tarehe, sahihi, namba ya kiwanja, na ramani kabla na ramani baada.

Ndiyo maana Evanston, kabla ya kulipa hata senti, iliandikiwa ripoti ya kurasa 77 na Morris Robinson, mwanzilishi wa kituo cha kumbukumbu cha Shorefront, pamoja na Jenny Thompson wa kituo cha historia cha mji. Ripoti inapitia sera na desturi zilizowaumiza weusi, hasa 1900 hadi 1960. Robinson hakuanza kukusanya siku diwani alipobisha hodi. Alikuwa ameshatumia zaidi ya miaka ishirini akipokea picha za familia, vijitabu vya makanisa na masimulizi ya wazee, vitu ambavyo kumbukumbu rasmi hazikuona haja ya kuvitunza. Diwani Robin Rue Simmons wa kata ya 5, aliyelibeba azimio, alikuta kisima kimeshachimbwa.

Mtu aliyewahi kufuatilia kiwanja anajua sentensi "faili halionekani". Mimi nilizungushwa siku tatu katika ofisi moja nikitafuta barua ya toleo ya marehemu babu, hadi karani mmoja mwenye huruma akaikuta chini ya katoni ya majani ya chai. Babu alikuwa na kiwanja au hakuwa nacho, kutegemea katoni ile.

Tulsa, Oklahoma, wana mfano unaouma zaidi. Mwaka 1921 kundi la weupe lilichoma mtaa wa weusi wa Greenwood, vitalu vipatavyo 35, na waliouawa wakazikwa bila alama. Mwaka 2018 meya G. T. Bynum alitangaza kwamba jiji litayatafuta makaburi, na wakachimba katika makaburi ya jiji ya Oaklawn. Wa kwanza kutambuliwa, mwaka 2024, ni C. L. Daniel, mwanajeshi wa Vita Kuu ya Kwanza. Vinasaba vya mifupa viliwafikisha watafiti kwa familia. Kilichothibitisha namna alivyokufa ni barua ya mwaka 1936: mama yake, kupitia wakili, alikuwa ameandika kuomba mafao ya mwanawe, akaeleza kwamba aliuawa katika ghasia za Tulsa. Barua ilikaa katika nyaraka za taifa miaka 88 ikingoja msomaji.

Nani anastahili Evanston, na fedha zinatoka wapi?

Kundi la kwanza ni "wahenga", yaani weusi walioishi Evanston kati ya 1919 na 1969 wakiwa watu wazima. Mwaka 1969 ndio mji ulipopiga marufuku ubaguzi katika makazi. Wanafuata wazao wao wa moja kwa moja, halafu mkazi anayeweza kuonyesha kwamba sera ya mji ilimbagua katika makazi hata baada ya 1969. Mswahili aliyehamia Evanston juzi kutoka Mombasa au Bujumbura hamo, hata rangi iwe ileile, kwa sababu manispaa ile haikumnyang'anya babu yake kitu. Wapo wanaoliona hili kama roho mbaya. Mimi naliona kama usahihi: deni lina mwenyewe.

Fedha zilianza na kodi ya asilimia 3 ya bangi, iliyohalalishwa Illinois kuanzia Januari 2020. Waliochagua chanzo hicho walijua walichokuwa wanasema, maana weusi ni wachache mjini na ndio waliokuwa wakikamatwa zaidi kwa bangi. Mwaka 2019 baraza liliahidi dola milioni 10 za mwanzo. Lakini kodi ilichuruzika polepole kwa kuwa duka la bangi lilikuwa moja tu, ikabidi iongezwe sehemu ya kodi inayotozwa nyumba za bei kubwa zinapouzwa. Fungu la kwanza, lililopitishwa Machi 2021 kwa kura 8 dhidi ya 1, lilikuwa dola 400,000. Gawanya kwa 25,000 utapata wale 16 na mipira yao. Wapo wazee waliofariki kabla zamu haijafika.

Usawa wa rangi maana yake wote wapewe kilekile?

Neno letu "usawa" linatuponza kidogo, kwani linabeba mizani iliyotulia, huku na huku sawa. Wanachokitafuta hawa ni mizani ile irudishwe baada ya upande mmoja kuwekewa jiwe kwa makusudi. Seattle, tangu 2005, imejaribu kuuingiza usawa wa namna hiyo katika kazi za kila siku: idara inayopeleka bajeti au mradi hutakiwa kujibu kwanza nani atanufaika na nani ataumia, kwa rangi. Inachosha kama fomu zote. Hata hivyo afisa anayelazimika kuandika jibu kwa mkono wake ameshaacha karatasi nyuma.

Je, ardhi yenyewe inaweza kurudi?

Imewahi kurudi. Mwaka 1912 Willa Bruce alinunua kiwanja ufukweni Manhattan Beach, California, kwa dola 1,225. Yeye na mumewe Charles wakafungua mahali pa weusi kuogelea, kula na kucheza dansi, wakati fukwe nyingi za eneo lile ziliwafukuza. Majirani wakaanza vitimbi, vibao vya kuwazuia wateja kuegesha magari vikasimikwa, moto ukajaribiwa. Hawakuondoka. Mwaka 1924 mji ukatumia silaha ambayo kila mmiliki wa ardhi Afrika Mashariki anaijua kwa jina: utwaaji kwa manufaa ya umma. Panahitajika bustani, wakasema. Fidia iliyolipwa ni dola 14,500, na familia haikuruhusiwa kufungua biashara yake mahali pengine mjini. Majengo yakabomolewa. Bustani iliyohitajika kwa haraka ile haikujengwa kwa miongo kadhaa.

Ardhi ikapitishwa kwa jimbo mwaka 1948, kisha kwa kaunti ya Los Angeles mwaka 1995, kwa sharti la kutohamishiwa mtu binafsi. Hivyo kaunti ilipoamua kuirudisha haikuwa na uwezo. Ilibidi bunge la jimbo litunge sheria ya kuondoa sharti, na gavana akaisaini Septemba 2021. Hati ikakabidhiwa kwa wazao Julai 2022. Miezi michache baadaye, Januari 2023, familia iliiuzia kaunti kiwanja hichohicho kwa dola milioni 20.

Nilisikia mtu akisema kwa kejeli: kumbe walitaka pesa. Sasa walitaka nini kingine? Mwenye mali huuza akipenda. Hilo ndilo walilonyang'anywa 1924.

Na vibao na sanamu vina kazi gani?

Kazi ipo, ila ndogo kuliko kelele zake. Richmond hiyohiyo ya kesi ya Croson iliziondoa mwaka 2020 sanamu zake za viongozi wa majimbo yaliyopigania kuendeleza utumwa, na ile kubwa ya jenerali Lee, mali ya jimbo, ikashushwa 2021.

Ila kibao kinaweza kusema uongo, na hapo ndipo mwanahistoria anapohitajika tena. Bustani ya Manhattan Beach ilipopewa jina la akina Bruce, kibao cha kwanza kilitanguliza jina la mwanzilishi mzungu wa mji, kana kwamba yeye ndiye aliyewafungulia ufuko, na kikapita kwa mbali juu ya kunyang'anywa. Kingine kikawekwa 2023. Montgomery, Alabama, wanafanya jambo linalonigusa zaidi: shirika la Equal Justice Initiative huwapa wenyeji mitungi wakachote udongo mahali ambapo mweusi aliuawa na kundi, kisha mitungi inapangwa rafuni ikiwa na jina, mahali na tarehe. Udongo wa kila kaunti una rangi yake.

Wanaopinga wanasema nini?

Si wote ni maadui wa weusi. Ile kura moja ya hapana Evanston ilipigwa na Cicely Fleming, diwani mweusi mwenye mizizi ya miaka mingi mjini. Alisema huu ni mpango wa nyumba uliovikwa jina la fidia. Kwa nini aliyedhulumiwa apangiwe matumizi, na hela ipitie benki zilezile? Hoja yake ilikuwa na miguu, maana mwaka 2023 baraza lilikubali wanaotaka walipwe taslimu.

Wa upande wa pili walikwenda mahakamani. Mwaka 2024 shirika la kihafidhina la Judicial Watch liliwafungulia Evanston shauri kwa niaba ya watu wasiostahili kwa kigezo cha rangi, likidai kwamba mpango unaitumia rangi badala ya ushahidi, kwa kuwa mwombaji hatakiwi kuonyesha kwamba yeye au mzee wake alibaguliwa. Soma hoja hiyo kando ya hukumu ya 1989 utaona kwa nini zile kurasa 77 ziliandikwa. Kama zinatosha kwa kila aliyelipwa, hilo ni la majaji.

Nimenunua nyumba Minneapolis, nimeambiwa hati yake ina maneno ya ubaguzi. Nifanye nini?

Swali hili limeletwa na zaidi ya mtu mmoja, na si ajabu, Minnesota ina Waafrika wengi. Kuanzia 1910 wauzaji wa viwanja Minneapolis waliandika ndani ya hati kwamba mali hiyo isiuzwe wala kupangishwa kwa mweusi, mara nyingine wakiongeza Mchina, Mjapani au Myahudi. Mwaka 1948 Mahakama ya Juu ilikataa mahakama kutumika kutekeleza vifungu hivyo, jimbo likakataza vipya mwaka 1953, na sheria ya taifa ya 1968 ikaviua kabisa. Havina nguvu. Lakini vimo.

Wataalamu wa chuo kikuu cha Minnesota, katika mradi ulioanza 2016 kwa jina la Mapping Prejudice, walipitisha mamilioni ya kurasa za hati kwenye kompyuta, kisha maelfu ya watu wa kujitolea wakasoma zile zilizotiliwa shaka, kila moja kwa macho ya watu kadhaa. Ndani ya mipaka ya Minneapolis pekee walipata vifungu zaidi ya 8,000. Vikipangwa kwenye ramani unaona vimekumbatia maziwa na bustani bora za jiji. Nyumba zilizokuwa navyo bado zina thamani kubwa zaidi leo, kwa takriban asilimia 15.

Tangu 2019 sheria ya jimbo inamruhusu mwenye nyumba kukikana kifungu. Mpango wa Just Deeds, ambao manispaa kadhaa zimejiunga nao, hukutafutia hati yako na kukupa mwanasheria bila malipo. Unajaza fomu na kusaini, nayo inasajiliwa na kaunti. Ukurasa wa zamani haung'olewi. Unabaki katika daftari na maneno yake yote, na kukana kwako kunaandikwa kando yake. Mkenya mmoja aliyefanya hivyo alinieleza kwamba karani alimuuliza majina yake matatu mara mbili, ili asikosee kuyaandika.